Gurudumu Lisilo na Mlio

"Amefika," alisema mama mkwe.

Mkunga alikuwa ameshageuka kumimina chai. Alitulia na birika mkononi, akashangaa kama alivyoshangaa jana na juzi. Kwake yeye, aliyefika alikuwa ameshaondoka.

Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi chini ya madirisha, mweupe kama pamba ya kliniki, na lango la mabati halikuonekana. Lakini masikio hayahitaji mwanga. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameisikia tairi ikisaga changarawe taratibu, ikaja mpaka langoni. Breki. Kisha kimya cha mtu aliyesimama. Alikuwa amehesabu kimoyomoyo, kama anavyohesabu mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, na alipofika thelathini na tano tairi ilisaga tena changarawe, ikaondoka zake. Ndipo mama mkwe aliponyanyua kichwa pale kitini na kusema amefika.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, mama."

"Tiki-tiki-tiki yake ile ile. Hata huko alikokwenda hajapata tone la mafuta ya kulipaka hilo gurudumu." Mama mkwe alicheka peke yake, kicheko kidogo kikavu. "Jaza kikombe chake."

Mkunga alikijaza kikombe cha tatu, alichokuwa ameshakipanga pamoja na viwili vyao. Marehemu mumewe alikuwa tarishi, mtu wa kupeleka barua na mafaili mji mzima kwa baiskeli kuukuu ambayo gurudumu lake la nyuma lililia tiki-tiki kila alipoacha kupiga pedali. Mtaa ulimwita Tiki. Mbwa walimjua, madeni ya soda yalimjua, na mkewe aliweza kuinuka kitandani na kutia maji motoni huku mumewe bado yuko kona ya pili. Baiskeli hiyo sasa ilining'inia stoo, haina cheni, na buibui wamefuma kati ya spoku.

Mkunga hakuwa na uhakika na hiyo tiki-tiki. Alichosikia yeye kila asubuhi ni tairi na breki, basi. Tena mama mkwe alisema anamsikia mwanawe tangu wiki ya mazishi, mwaka na miezi mitatu iliyopita, wakati yeye alianza kusikia wiki tatu tu zilizopita. Alijiambia kwamba huenda huzuni ya mama ina masikio makali kuliko huzuni ya mke. Wazo hilo lilimchoma, akalificha.

"Leo ndiyo siku ya kwenda kuichukua?" mama mkwe aliuliza.

"Kuiangalia tu, mama."

"Kuiangalia. Mtu haendi dukani kuangalia chumvi."

"Mama, magoti yangu yamekwisha. Kliniki imenipa mitaa saba, na yote iko ng'ambo ya mlima wa tangi la maji. Juma lile nilifika kwa mzazi nikakuta mtoto ameshatoka, kitovu kimefungwa kwa uzi wa cherehani."

"Mtoto mzima?"

"Mzima."

"Haya."

"Angetanguliza miguu je?"

Mama mkwe alizungusha kikombe chake kwenye kisahani. "Kitu kilichomuua mwanangu hakipiti lango hili. Nilisema siku ile, nasema leo. Baiskeli ya umeme! Kama miguu haitoshi mtu akae nyumbani." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Na huyo Fundi anayekuuzia?"

"Fundi ni shemeji yangu. Rafiki wa mwanao."

"Kama ni rafiki wa mwanangu, mbona masikio yako yanapata moto nikimtaja?"

"Ni mvuke wa birika, mama."

"Birika limefunikwa."

Mkunga aliinamisha uso. Mama mkwe alimtazama kwa muda, na jicho lake halikuwa na ukali. Lilikuwa na hofu. "Mwanangu anakuja kila asubuhi kuitazama nyumba yake," alisema. "Siku atakapomkuta mwanamume mwingine amekaa kitini pake, utamwambia nini? Hebu niambie na mimi, maana nitakuwepo."

Mkunga alichukua begi lake la kazi. Kikombe cha tatu kilibaki mezani, mvuke wake ukipanda na kupinda kuelekea mlangoni, ingawa hapakuwa na upepo.

*

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Kwa hiyo alasiri, baada ya kazi, kabla ya kwenda kwa Fundi, Mkunga alipitia kwanza duka kubwa la vioo, ajithibitishie kwamba anakwenda kununua baiskeli na wala hakufuata kitu kingine.

Muuzaji alikuwa kijana wa suruali ya kubana na maneno mengi. "Karibu dada! Hii hapa, ukiikanyaga tu, upepo unakuuliza unakimbilia wapi."

"Betri yake inatoka?"

"Betri? Dada, tazama kwanza rangi. Bluu ya bahari. Wateja wanaigombania."

Mkunga alirudi nyuma hatua moja. Ile ya umeme iliyomuua marehemu ilikuwa ya bluu. Ilikuwa ya mtu baki aliyekuwa akihama mji, na yeye Mkunga ndiye aliyemshika mumewe mkono akamwambia, chukua hii, rangi yake imenipendeza. Wiki ya tatu, kwenye kona ya mlima wa tangi, mota ilizima ghafla katikati ya mpando. Baiskeli ikapoteza nguvu, ikayumba, na nyuma yake lilikuwepo lori. Dereva aliapa kwamba alipiga breki. Hakuna aliyembishia.

"Ikizimika mlimani je?" aliuliza.

"Haizimiki."

"Ikizimika."

"Dada, mbona unaitabiria mabaya? Kizuri chajiuza hiki."

"Basi mbona unakisaidia sana?" alisema Mkunga, akatoka.

*

Karakana ya Fundi ilikuwa nyuma ya duka la mbao, ua wa saruji uliokuwa tambarare kama meza. Ndani mlinuka mpira, grisi na waya uliopata moto. Fundi alikuwa amepiga goti karibu na baiskeli nyeusi, kipande cha kitambaa begani. Alipomwona alisimama haraka mno, akagonga kichwa kwenye gurudumu lililoning'inia juu.

"Pole," alisema Mkunga.

"Nimezoea. Karibu, shemeji."

Neno hilo aliliweka kati yao kama mtu anavyoweka kiti mlangoni. Alilitumia tangu siku ya mazishi: shemeji, bomba lenu linavuja. Shemeji, bati limelegea, nitalipigilia. Na kila alipomaliza kazi aliosha mikono yake nje, akaaga kutoka mlangoni. Mkunga alikuwa amefika mahali pa kuombea bomba livuje.

"Ulisema nikupe wiki tatu," alisema. "Zimekwisha."

"Zimekwisha. Ni hii." Aliweka kiganja juu ya tandiko. "Haina sura, najua. Nyeusi kama sufuria. Lakini tazama. Betri inaingia kwenye reli, inafungwa kwa ufunguo, halafu kuna mkanda juu yake. Haichezi hata ukiitupa shimoni. Ukiibonyeza breki, ya mbele au ya nyuma, mota inakatika saa ile ile. Waya zote zimepita ndani, mvua haizioni. Na vipuri vyake vipo hapa mjini, sikuagizii kitu ng'ambo ukakaa miezi miwili ukisubiri."

"Ikizimika mlimani?"

Fundi hakusema haizimiki. "Kila kitu kinachowaka huzima siku moja," alisema. "Ikizima, unashusha gia hapa, unapiga pedali. Utatoka jasho, lakini utafika. Nimejaribu."

Aliinama kumwonyesha gia, na Mkunga akainama naye. Bega lake lilikuwa karibu na la Fundi kiasi cha kuhisi joto. Wote wawili walikaa hivyo sekunde moja zaidi ya inavyohitajika kuitazama gia. Mkunga ndiye aliyegeuza macho, akayapeleka kwenye kioo kidogo cha usukani, pale panapoandikwa umbali.

Kilomita mia mbili tisini na nne.

"Ulisema ni mpya."

"Ni mpya."

"Baiskeli mpya imekwenda wapi kilomita zote hizi?"

Fundi alichukua kitambaa begani, akaanza kufuta mikono iliyokuwa safi. Mkunga alikuwa mtu wa kuhesabu. Kazi yake ni kuhesabu, mapigo, wiki, pumzi. Siku ishirini na moja. Kila siku kumi na nne. Na kutoka karakana hii hadi lango la mabati, kwa njia ya mlima wa tangi, ni kilomita saba kwenda na saba kurudi.

"Ni wewe," alisema polepole. "Unayekuja asubuhi. Ni wewe."

"Shemeji, ngoja nikueleze."

"Eleza."

"Baiskeli naijaribu kwenye njia ya mwenyewe. Si uani. Yeyote anayenunua kwangu, naipeleka njia yake, saa yake ya kazi, na uzito wake. Wewe unatoka asubuhi, kwenye ukungu, barabara imelowa. Kwa hiyo nakwenda saa hiyo. Nafunga gunia la mchanga la kilo sabini na mbili, na kilo sita za begi lako. Nusu ya mlima nazima mota, nione kama utaweza kufika betri ikikuishia."

Mkunga alitaka kuogopa, lakini kitu kingine kilitangulia. "Kilo sabini na mbili? Nani amekuambia uzito wangu?"

"Nilikukadiria."

"Kwa mizani gani?"

"Kwa macho."

"Macho yako ni mizani?"

"Macho yaliyojizuia mwaka mzima," alisema Fundi, akitazama sakafu, "siku yakipewa ruhusa hupima vizuri."

Mahali fulani kwenye duka la mbao msumeno ulilia, ukanyamaza.

"Na pale langoni?" aliuliza Mkunga. "Unasimama nini?"

"Napima kama mota imepata moto."

"Mpaka thelathini na tano?"

Fundi alinyanyua uso, akamtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Unahesabu?"

"Nahesabu."

"Mota inahitaji kumi," alisema. "Zinazobaki nasikiliza ukipanga vikombe. Kila siku vitatu. Moyo wangu mjinga ulianza kunidanganya kwamba unajua nipo nje."

"Kile cha tatu si chako."

"Najua. Nilijua hata wakati najidanganya."

Mkunga alijishika kwenye benchi la kazi. Kwa hiyo hakuwa marehemu. Wiki tatu hizi zote hakuwa yeye. Alifikiria kiti cha jikoni, uso wa mama mkwe ukinyanyuka, amefika. Ni mkono gani utakaomnyang'anya mama kitu kile?

"Mama anasikia tiki-tiki," alisema. "Hiyo je? Umeweka gurudumu gani?"

"Tiki-tiki gani?"

Fundi aliinua baiskeli kwa nyuma, akalisukuma gurudumu. Lilizunguka. Spoku zikapotea zikawa ukungu wa fedha, hewa baridi ikawapiga miguuni, na hapakuwa na sauti hata kidogo, kama gurudumu la ndotoni.

"Nimelijaza grisi nzito," alisema. "Sikutaka kuwaamsha."

Wote wawili walilitazama likizunguka. Lilichukua muda mrefu sana kusimama.

*

"Kuna jingine," alisema Fundi. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilisema si uani. Hukuniuliza kwa nini."

"Kwa nini?"

"Wiki moja kabla hajafa aliniletea ile ya bluu. Akaniambia, ndugu yangu, inazimikazimika. Nikaipanda. Nikaizungusha hapa uani mara tatu." Alionyesha saruji kwa kidole. "Hapa. Tambarare, hakuna shimo, na sikubeba kitu. Haikuzima. Nikamwambia, wewe mwoga tu. Akacheka. Akaondoka anacheka, mpaka kule kona bado nasikia kicheko chake. Betri ilikuwa inacheza kwenye kiti chake. Ningeipandisha mlima na mzigo, ningeliona tatizo siku ile ile."

Mkunga aliitazama ile saruji.

"Mwaka mzima," alisema hatimaye. "Umepanda juu ya paa letu. Umekunywa maji yetu. Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa nini unasema leo?"

"Kwa sababu utaipanda kila siku. Huwezi kuiamini baiskeli kama humwamini aliyeijaribu. Na sikutaka uniamini kwa kutojua. Shemeji..."

"Usiniite shemeji." Ilitoka kali kuliko alivyokusudia. "Leo usiniite hivyo."

Alimwona akipokea neno hilo kama mtu anayepokea hukumu. Mwenyewe hakujua kama ni hukumu. Aliushika usukani wa ile nyeusi.

"Mnunuzi anajaribu kwenye njia yake," alisema. "Twende mlimani."

*

Jioni ukungu ulikuwa unarudi kutoka bondeni, ukipanda barabara pamoja nao kama mbwa asiyefukuzika. Juu, tangi la maji lilionekana nusu tu, mguu mmoja umezama katika weupe. Fundi alisimama chini kabisa, penye kibao cha barabara.

"Nitakuwa hapa," alisema. "Hili ni lako."

Mkunga alipanda. Mota ilishika bila kelele, kama mkono unaomsukuma mtu mgongoni kwa adabu. Mita mia. Mia mbili. Magoti yake, yaliyolia kila siku kwenye mpando huu, yalinyamaza. Begi lilitulia kwenye karia. Akapita mashimo matatu, makusudi, na betri haikutikisika.

Kisha akafika kwenye kona. Kingo za saruji bado zilikuwa na mkwaruzo wa rangi ya bluu, mrefu kama mkono wa mtu. Kwa mwaka na miezi mitatu alikuwa ameupita mkwaruzo huo akitazama upande wa pili. Leo aliutazama. Halafu, bila kujua kama ni ujasiri au wazimu, akabonyeza swichi, akazima mota.

Baiskeli ikawa nzito mara moja. Ikayumba. Moyo ukamruka, hapa ndipo, ilikuwa hivi, alihisi hivi. Akashusha gia kama alivyoonyeshwa, akakanyaga kwa uzito wake wote wa kilo sabini na mbili. Gurudumu likasogea. Likasogea tena. Inakwenda. Jasho lilimtoka, pumzi ikawa fupi, lakini inakwenda.

Tiki-tiki-tiki.

Ilikuwa nyuma yake. Alidhani ni Fundi amemfuata. Aligeuza kichwa: barabara ilikuwa tupu, na chini kabisa, kwenye tundu la ukungu, Fundi alikuwa amesimama pale pale penye kibao, mdogo kama kidole.

Tiki-tiki-tiki. Mlio ulikuja ukawa sambamba na bega lake. Hakuona kitu. Alihisi tu ubaridi mwembamba upande mmoja wa shavu, na harufu ya karatasi, ya bahasha mpya, harufu iliyokuwa kwenye mashati ambayo hajaweza kuyafua. Ukakaa naye. Ukaenda mwendo wake, taratibu, mpaka kona ikaisha na barabara ikanyooka. Halafu ukampita, ukapanda mbele yake kuelekea kwenye tangi, ukapungua, ukapungua, ukaisha. Haukusimama.

Mkunga alifunga breki. Alikaa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, akalia kama mtoto, bila kufuta machozi.

Fundi alifika akikimbia. "Umeumia?"

"Hapana."

"Nimekuona umezima mota, nikadhani..." Alishika magoti, akavuta pumzi. "Halafu nikasikia unacheka."

"Sikucheka."

"Umecheka. Nimesikia kabisa, mlima mzima. Kicheko cha..." Hakumaliza. Rangi ya uso wake ilibadilika. Alitazama juu kwenye tangi, kisha chini, kisha mikono yake mwenyewe.

Mkunga alimtazama mtu huyu aliyebeba gunia la mchanga siku ishirini na moja. "Sijakusamehe bado," alisema. "Lakini naichukua baiskeli. Leo lala nayo wewe, mama hajaipa ruhusa ya kupita lango. Na kesho asubuhi uje kama kawaida."

"Na gunia?"

"Gunia liache. Uje wewe."

*

Mama mkwe alisikiliza yote bila kukatiza. Mkunga alimpigia magoti sakafuni, akamsimulia habari ya kilomita, ya gunia, ya ua wa saruji, hata ya neno mwoga. Alipomaliza alibaki ameinamisha kichwa, akisubiri kilio ambacho yeye ndiye atakuwa amekisababisha.

"Hilo la mwoga nalijua," alisema mama mkwe. "Alirudi siku ile akaniambia. 'Mama, Fundi ananiita mwoga.' Nikamwambia irudishe kwa mwenyewe. Akasema kesho. Na mimi nikaikubali kesho yake, kwa sababu nilikuwa nataka aniletee dawa ya mgongo, na kwa miguu angechelewa. Wewe ulipenda rangi. Yule aliizungusha uani. Mimi mgongo wangu. Kila mmoja ana kipande chake, mwanangu. Ukivichukua vyote wewe peke yako unatuibia."

"Nisamehe, mama. Kwamba hakuwa yeye. Anayekuja asubuhi."

Mama mkwe alimtazama kwa mshangao wa kweli, karibu kucheka.

"Unanidhania kiziwi? Wako wawili."

Mkunga alinyanyua uso.

"Huyo wako ana wiki tatu," alisema mama mkwe. "Tairi nzito, breki, anasimama. Namsikia kutoka hapa nilipokaa, mlima umemtoa roho, anahema kama ng'ombe wa kulima. Anaondoka. Wewe unageuka kumimina chai. Ndipo anakuja wa kwangu, naye anasimama langoni. Tiki-tiki-tiki. Ndipo ninasema amefika." Alikunja upande wa kanga yake, akaukunjua. "Huyo wa kwangu hahemi."

Stoo, ambako baiskeli kuukuu ilining'inia bila cheni, kitu kilifanya tik, mara moja tu, kama chuma kinachopoa.

"Mwaka na miezi mitatu namwekea chai," alisema mama mkwe, "na kila siku naimwaga. Nimechoka kumwaga chai. Mimi nitabaki na asiyehema, ni mwanangu, nilimzaa, atanizoea. Wewe bado kijana. Nenda na anayehema."

*

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Mkunga alipanga vikombe vitatu. Tairi ilikuja ikisaga changarawe, nyepesi leo, haina gunia. Breki. Alianza kuhesabu kwa mazoea, na alipofika nne mama mkwe akasema, "Unangoja afike thelathini na tano? Kamfungulie, yeye na baiskeli yake."

Alifungua lango. Fundi alikuwa amesimama na ile baiskeli nyeusi, shati safi limepigwa pasi vibaya, pumzi yake ikitoka kinywani wingu baada ya wingu. Mkunga aliyatazama mawingu hayo madogo kana kwamba hajawahi kuona kitu kizuri kama hicho.

"Habari za asubuhi, she..." Fundi alijizuia. Hakuwa na neno jingine la kuweka pale, akabaki mdomo wazi.

"Ingia," alisema Mkunga. "Ingia nayo."

Gurudumu lisilo na mlio lilipita kizingiti. Nyuma yao, barabarani, ndani ya ule weupe, ikapita tiki-tiki-tiki, taratibu, ikafika usawa wa lango, ikaendelea. Safari hii wote watatu waliisikia. Walisikiliza mpaka ilipoishia kule kwenye kona ya pili.

"Leo hakusimama," alisema mama mkwe kutoka jikoni. Sauti yake ilikatika kidogo, kisha ikarudi. "Haya, fungeni lango, baridi inaingia. Na wewe Fundi, nawa mikono humu humu ndani. Kiti ni hicho."

Fundi aliketi ukingoni mwa kiti, kama mtu anayeketi juu ya yai. Alinywa kwa adabu, mafunda madogo madogo, hakuthubutu kuongea. Mkunga alikusanya vyombo. Alivibeba vyote pamoja, na kikombe cha tatu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kilirudi kwenye beseni kikiwa kitupu.